Jina la Bibi Vifungo Libaki au Litolewe?

12 Machi

Kwa Shangazi wa Ijumaa,

Nakusalimu, shangazi, na naomba msaada wako kwa jambo dogo lililonikaa kooni. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu alifariki mwaka jana, na kazi yake ilikuwa kuikagua programu ya maktaba, ile ya huria ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha, na kila asubuhi kabla ya chai aliiuliza maswali kwa mkono, moja baada ya jingine, aone kama inajibu sawasawa, na msomaji wake wa kubuni alimwita Bibi Vifungo, ndilo jina alilonitania nalo, basi humwazimisha kitabu, kisha hunigeukia, "Leo umegoma kurudisha, mke wangu, programu nzima imelala," nami namjibu, "Sijamaliza kusoma, nisubiri," tunacheka.

Sasa ofisini kwake amekuja mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti mtulivu, mradi wake ni kuyafanya maswali yale yajiulize yenyewe kila programu inapobadilishwa, na shangazi, hakutupa hata swali moja la marehemu, hata lile la kurudisha kitabu kimoja mara mbili, ambalo wenzake marehemu walikuwa wakimcheka kwalo. Alikuja hadi chumbani kwangu kwa kushonea, akakaa katikati ya vitambaa, akaniuliza, "Mama, jina hili nilibakize au niweke namba? Likibaki, ulimwengu mzima utalisoma." Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, aliyekuwepo, akadakia, "Toa. Jina la mjane si la kuchezewa na mashine." Mimi nikanyamaza, na binti anakabidhi mradi Jumatatu. Nataka libaki, ila naogopa watu watasema siuheshimu msiba, na wivu pia ninao, mashine inamaliza kufumba na kufumbua kilichokuwa asubuhi yake nzima. Nifanyeje?

Bibi Vifungo

*

Bibi Vifungo,

Pole sana, mwanangu. Hapo kwenye kitabu nimecheka, kisha nikafuta macho. Sasa nisikilize. Aliyeulizwa alinyamaza, asiyeulizwa akajibu; kosa lako ni hilo. Binti huyo amekuja kuomba ruhusa ambayo angeiruka na asijue mtu. Kafunzwa akafunzika. Usimwache aondoke na jibu la shemeji.

Na huo wivu uweke chini. Wewe unashona kwa cherehani. Je, ulimsahau aliyekufundisha kushika sindano? Mashine haijui la kuuliza mpaka iambiwe, na maswali hayo ni ya mumeo. Binti kayapa mikono isiyochoka.

Kesho asubuhi mpigie simu, sema libaki. Shemeji mpe chai na heshima yake, umwambie neno limekwisha. Jumatatu vaa vizuri, nenda ofisini, keti kando ya binti, umwombe ayaendeshe maswali yale ukiwepo. Kwenye jina lako itawaka alama ya kijani, ya kufaulu: kitabu kimeazimwa, kimerudi. Ukilia, lia, hapo si pa kuona haya.

Na binti akipungukiwa msomaji wa kubuni, mwambie Shangazi anapenda vitabu na hurudisha mapema. Anikumbuke.