Nishati ya giza haipiti Giteranyi

Musinzira, Gitega, Jumanne

Na bado namba haitulii. Wiki nzima natafuta uwiano wa shinikizo la nishati ya giza na msongamano wake. Ukiwa hasi moja kamili, nishati hiyo haipungui hata ulimwengu ukitanuka. Napima kwa mwanga wa nyota zilizolipuka: unavyozidi kufifia ndivyo zilivyo mbali. Leo namba imeteleza juu kidogo ya hasi moja. Sijui nimeona kitu au nimekosea mahali.

Halafu Baba akapiga simu kutoka Muyinga. Anawatambia mafundi cherehani wenzake kwamba mimi niko kwenye nishati ya giza. Leo alishusha sauti. "Mwanangu, hiyo nishati yenu iko inapitia Giteranyi? Waambie waniletee bidoni moja, mi nifike hospitali huko Gitega."

Alidhani ni petroli ya magendo, ile inayovushwa mpakani Giteranyi kwa madumu. Nilitaka kukasirika, lakini nilisikia kifua chake kikikoroma. Petroli hakuna, gari hakuna.

Nikamweleza kwamba ni kitu kinachofanya vilivyo mbali vizidi kwenda mbali.

Akakohoa.

"Bon. Basi hiyo hata huku iko."