Baba na Namba ya Muwasho

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Baba ameketi nami mbele ya watu watatu wa kliniki ya ini: daktari, muuguzi na mfamasia. Wanataka namba moja tu. Kuanzia sifuri hadi kumi, ugonjwa wa ini unamwasha ngozi kiasi gani? Ikizidi tano, wanambadilishia dawa.

Akasema mbili.

MBILI, mwenzangu! Mtu amejikuna wiki tatu usiku kucha mpaka mama kahamia sebuleni. Eti mwanamume halalamikii ngozi.

Nikamkanyaga mguu. Akausogeza mguu wake.

Wale watatu wakaanza kujadili muwasho wenyewe kwa wenyewe, na unajua kujikuna kunaambukiza kama miayo. Mfamasia akaanza na shingo. Muuguzi akafuata na kiwiko. Daktari akajipinda kutafuta katikati ya mgongo, mkono haufiki.

Baba akamwonea huruma. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa mwiko. MWIKO wa jikoni kwetu!

"Shika, mwanangu. Hapo mkono peke yake hauwezi."

Muuguzi akamkazia macho. "Mzee, mtu wa mbili hutembea na mwiko?"

Baba akatazama sakafu. "Basi andika tisa."

Ameandika tisa. Mfamasia ameshaandaa dawa mpya.