Mfereji Usiovuja Uwele

Dodoma, Alhamisi, Oktoba 1912

Upepo umevuma tangu alfajiri. Unaleta vumbi jekundu kutoka upande wa Kongwa, na mbingu ni nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Hakuna wingu. Kila mtu anatazama juu, halafu anajifanya hakutazama.

Mikono yangu imechoka, lakini kichwa kinaelea.

Nianze kwa utaratibu. Mvua zilizopita zilikuwa haba, na mwezi uliopita kibuyu cha mama kilipasuka. Ndani yake alihifadhi mbegu ya uwele wa mapema, ile aliyopewa na mama yake alipoolewa. Panya waliwahi kabla yake. Imebaki kama bakuli moja, nayo ameifunga kwenye kitambaa na kuining'iniza juu ya moshi wa jiko. Vibuyu vipya havikuota mwaka huu. Nikamwambia, bila kufikiri sana, kwamba nitamtengenezea kasha la mninga lenye watoto watatu wa kuvuta, kama watoto wa meza, panya asione pa kutia jino.

Kuahidi ni rahisi ukiwa umeshika randa.

Jana nilikata mifereji ya mtoto wa kwanza, ile inayoshika kitako chake. Kitako ni ubao mwembamba wa tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi; huwa naupata kwenye makasha ya bidhaa yanayoshushwa stesheni. Nilikata kama nilivyofundishwa shuleni kule pwani: acha nafasi kidogo, ubao ukinywa unyevu upate pa kuvimbia. Ubao ukaingia bila kusukumwa, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Nikafurahi.

Leo mama amefika kwa miguu kabla jua halijawa kali, kitambaa cha mbegu mkononi.

"Mbukwenyi!" alitusalimu kwa Kigogo mlangoni, mimi na Athumani, fundi mwenzangu, Mrangi wa Kolo. Tukaitikia. Hakutaka kukaa. Alichota konzi ya uwele wa kula kutoka mfukoni mwake, akaumimina ndani ya yule mtoto, akamwinua.

Uwele ukamnyeshea miguuni.

"Mwanangu," akasema, "huyu bado anajikojolea."

Athumani alicheka mpaka akaweka msumeno chini. "Mama, ndiyo elimu ya pwani hiyo! Wanasoma weee, wanarudi kutulishia kuku!"

Mama alikuwa ameshainama, anaokota punje moja moja. Alipoinuka hakuwa na utani tena. "Nitarudi na kitambaa changu. Mvua ikija, itakuta mbegu au itakuta panya walioshiba. Nifanyeje?"

Nilimwomba angoje mpaka jua lipinduke. Akakaa kwenye gogo, kitambaa cha mbegu mapajani, mikono miwili juu yake.

Nilishika kipande cha ule ubao wa kitako kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unapita mlangoni na kukausha kila kitu, hata midomo yangu. Huku hakuna unyevu wa kunywa. Tena ubao wa tabaka hauvimbi kama mbao nzima, kwa kuwa nyuzi za tabaka moja zinapishana na za nyingine, zinashikana mikono. Nafasi niliyoiacha ilikuwa nafasi ya bahari. Nimeibeba kichwani miaka yote hii na kuileta mahali pasipo na bahari.

Nikavua kisu cha randa ya mifereji, nikatia kilicho chembamba kuliko ubao. Rula sikuigusa. Kipande cha ubao uleule ndicho kilichokuwa kipimo changu. Nilipitisha randa mara ya kwanza kwenye mbao zote nne za mtoto wa pili, kina kilekile, umbali uleule kutoka ukingoni. Kipimo hakikuingia. Nikagandisha ukanda wa karatasi nene kwenye ubavu wa randa unaotelezea ukingo wa mbao, kisu kikasogea unene wa karatasi. Nikapitisha tena. Bado. Karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Hapo katikati nilipotea kidogo. Maranda yalikuwa yanatoka membamba, yanajikunja, na mimi nilikuwa naona shamba, uwele umefika kifuani mwa mtu, vichwa vyake vya kijivu vinainama pamoja. Sijui nililiona wapi. Labda nilibebwa mgongoni humo kabla sijajua kusema.

Kipimo kikaingia kwa kusukumwa na vidole gumba. Nikageuza mbao juu chini. Hakikudondoka.

Nikaunga pembe, kitako kikiwa ndani, mifereji minne ikakutana sawasawa. Mama akatandika kitambaa cheupe sakafuni, akamimina uwele wa kula, akamtikisa yule mtoto juu yake kama anayepepeta. Akampigapiga ubavuni. Athumani naye akainama kuangalia.

Kitambaa kilibaki cheupe.

Mama alifungua fundo lake. Akagawa mbegu kwa kiganja, nusu akamimina ndani ya mtoto, nusu akaifunga tena. Nilidhani haniamini, na ikaniuma.

"Nusu naondoka nayo," akasema. "Hii inabaki kwako, hapahapa Dodoma. Ya kwangu ikiliwa au ikiungua juani, nitakuja kuichukua. Usiipike, wewe na huyo Mrangi wako."

"Mama, mimi nala ugali wa mahindi tu!" Athumani akalalamika.

Akaenda zake, mdogo, upepo ukimvuta khanga.

Sasa yule mtoto yuko chumbani kwangu, juu ya kasha ambalo bado halijakamilika, amefunikwa ubao. Nimeweka kiganja juu yake mara kadhaa. Humo ndani kuna shamba la bibi yangu, limelala gizani juu ya mfereji niliokata kwa mikono yangu, na nimegundua kwamba natembea taratibu chumbani nisije nikaliamsha.

Wamebaki watoto wawili: wa tatu, na mwingine badala ya yule anayevuja. Nitawakata nao kwa kisu chembamba, bila haraka.

Je, mvua ikimkosa mama naye akarudi, nitaweza kumfungua huyu mtoto na kumkabidhi mbegu ya mwisho?