SAA YA JIKO LA MAMA CONSOLATE

Chama cha Mama Wakaushaji Samaki "Tujikaze", Kalundu, Uvira
Alhamisi, 19 Septemba 2024, nyumbani kwa Mwenyekiti, saa nane mchana

Waliokuwepo: Mama Sidonie (Mwenyekiti), Mama Naomie (Katibu), Mama Consolate, Mama Ernestine na wanachama tisa. Mgeni: Bwana Modeste, ajenti wa mazingira.
Asiyekuwepo: Mama Noella (yuko Sange kutafuta kuni, hakuaga).

KUMB. NA. 1/09/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaomba watu wasikatizane maneno. Walijitahidi.

KUMB. NA. 2/09/2024: JIKO LILILOPIGWA KUFULI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba ni marufuku kuwasha jiko kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Tangu mashine ya kupima moshi iwekwe ukutani kwa Mama Consolate, Bwana Modeste haji tena kuangalia. Anasoma vipimo vyake kwenye simu tu. Mashine iliandika moshi wa saa kumi na moja siku sita mfululizo. Jiko likafungwa wiki tatu, na Mama Consolate hana kazi nyingine. Kikao kilichopita kilimwita mvunja sheria. Siku hiyo Mama Ernestine aliapa kwamba moshi huo aliuona kwa macho yake.

KUMB. NA. 3/09/2024: YALIYOTOKEA JUMANNE
Bwana Modeste alieleza kwamba Mama Consolate alimsumbua mpaka akakubali kufungua jiko na kusimama pale mwenyewe. Liliwashwa saa kumi na mbili na robo. Simu ikaandika saa kumi na moja na robo. Akampigia fundi wa mashine, ikajulikana kwamba mashine ilipangwa kwa saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Wanachama walicheka sana, wengine mpaka machozi. Bwana Modeste aliomba radhi, akaweka kufuli mezani.

Mama Ernestine alisema huenda aliona ukungu. Hakuulizwa zaidi.

Mama Consolate alisema, akionyesha daftari la Katibu: "Kufuli minye nilivumilia. Ile neno yenye muliandika mu kaye, ndiyo ilinikosesha usingizi."

KUMB. NA. 4/09/2024: MAAZIMIO
Mashine ibaki, maana kifua kinatuuma sote, lakini saa yake irekebishwe. Ajenti afike mwenyewe kabla ya kufunga jiko lolote. Maneno "mvunja sheria" yafutwe. Katibu, ambaye ndiye aliyeyaandika, aliyafuta mbele ya wote na kumpa Mama Consolate daftari ajionee. Alilishika muda mrefu.

KUMB. NA. 5/09/2024: KUFUNGA
Watu walitawanyika saa tisa na nusu alasiri, saa ya Uvira.

Sidonie, Mwenyekiti ..................
Naomie, Katibu ..................