Swali la Masikio ya Punda

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini barua hii itakukuta hujambo, ingawa safari hii neno hilo nimeliandika kwa kusitasita, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini. Sisi huku tunaendelea. Mama magoti bado yanamsumbua, ila sasa anatoka nje bila kushikwa mkono. Binti yako ametimiza miaka saba na ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo kila neno analosema linatoka na filimbi. Mimi na cherehani yangu tupo. Mwezi huu nimeshona mapazia ya shule nzima.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unapenda kunikatiza.

Nianze na sherehe ya binti yako. Ilikuwa Jumapili, mchana. Baada ya keki watoto walitoka uani kucheza, sisi wakubwa tukabaki sebuleni: mimi, mdogo wetu Dereva, majirani wawili na mkeo. Wifi akaleta bakuli la plastiki lililojaa vikaratasi vilivyokunjwa. Akasema kila mtu atachota kimoja, atasomewa mambo mawili ya ajabu, na lazima achague moja. Kukataa yote mawili hakuruhusiwi. Jirani wa kwanza aliulizwa angependa kupiga chafya kila anapotaja jina lake, au kuongea kwa kuimba hadi uzeeni. Alichagua kuimba, na akatuimbia papo hapo kwamba choo chao kimeziba. Mwenzake alitakiwa kuchagua kati ya kulala ndani ya friji na kuoga uji kila asubuhi. Alichagua uji, ila akataka kujua kama una sukari. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Dereva aliulizwa kama ni afadhali awe na mkia usiofichika, au akae hospitali mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Akachagua mkia, akasema utamsaidia kuonyesha anakata kona siku taa za lori zikiungua. Nilicheka na wenzangu, lakini nikaona mkeo hacheki. Alikuwa anamtazama Dereva kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Zamu yangu ikafika. Nikachota kikaratasi, nikampa mkeo asome. Kaka, mimi ni fundi, macho yangu yamezoea kufuata sindano. Nilimwona akikiacha kikaratasi changu kidondoke mapajani na kusoma kingine alichokuwa nacho kiganjani. Aliniuliza ningechagua kumpa ndugu yangu kiungo kimoja cha ndani ya mwili wangu, au kuishi na masikio ya punda. Nikajibu masikio ya punda, maana nitasikia umbea wa mtaa mzima. Watu wakaangua kicheko. Yeye akainuka, akasema anakwenda kuangalia watoto, na watoto wenyewe tulikuwa tunawaona dirishani.

Tangu hapo moyo wangu haukutulia. Wiki ileile wifi alikuwa ameniuliza juu juu kundi langu la damu, eti kuna fomu wanajaza kazini. Fomu gani ya chekechea inayotaka damu ya wifi yake mwalimu? Nikaanza kukushuku na wewe: uhamisho wa kazi wa ghafla, kamera ya simu iliyoharibika miezi minne bila kutengenezwa, pumzi zinazokukatika ukasema umetoka kupanda ngazi. Nisamehe, nilidhani una mwanamke huko, na mkeo anapima sisi ndugu zako tutasimama upande gani.

Jumatano nikamfuata kazini. Watoto walikuwa wamelala kwenye magodoro yao, tukakaa kwenye vile viti vyao vidogo, magoti yetu karibu yaguse kidevu. Nikamwambia nataka kujua swali lile lilitoka wapi. Alichezea kalamu ya rangi mpaka ikavunjika, kisha akanieleza yote kwa kunong'ona: figo zako, mashine mara tatu kwa wiki, na chumba ulichopanga karibu na hospitali, ambacho sisi tuliambiwa ni cha kazini. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Kaka yako aliniapisha nisimwombe mtu,” akasema. “Hakuniapisha nisiulize maswali ya kijinga.”

Mimi na Dereva tukaenda kupimwa. Dereva alikutwa na presha ambayo hata yeye hakuijua, akaambiwa hawezi. Mimi niliitwa mara tatu. Siku ya majibu daktari, mama mmoja mpole, alifunga mlango akasema mimi na wewe tunaendana na figo zangu zote mbili ni nzima. Akaongeza kwamba kama moyo wangu hautaki, wao watasema sifai, basi, na hakuna atakayeambiwa sababu.

Sasa hili lisome taratibu. Nilitoka mle ndani nikamwambia mkeo kwamba sifai. Sikungoja hata daktari anisaidie kusema uongo.

Niliogopa kisu, hiyo ni kweli, lakini hofu haikuwa peke yake. Nilifikiria kwamba wewe ulipelekwa shule ya bweni, mimi nikaachishwa masomo nikae na mama, nikajiambia huyu ameshapewa vya kutosha. Wazo hilo nimelibeba siku kumi na tisa. Wifi hakuninunia. Alinishukuru kwa kujaribu, nami nikaanza kuzitilia shaka hata shukrani zake. Kila aliponitazama nilihisi anajua.

Jumamosi Dereva alikuja kwako nikiwa jikoni napima dirisha. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamwomba shemeji yake msamaha kwa ajili ya presha yake, kama mtu aliyeiba. Alisema ameacha chumvi, huenda ikishuka watampokea. Mkeo akamwambia akae, ale. Mimi nilipima dirisha lilelile mara tatu na kila mara nikapata urefu tofauti.

Jumatatu nilirudi kwa daktari. Akaniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikamjibu hapana, nimechelewa tu. Nikasaini fomu ya kukupa figo. Jana nikamweleza mkeo, pamoja na uongo wangu. Aliniuliza kama nimekula. Sijui kama amenisamehe, na sijathubutu kuuliza.

Mama bado hajaambiwa. Nataka aambiwe na sisi wanawe watatu kwa pamoja. Dereva anakusalimu. Binti yako anakutumia busu, nalo lina filimbi.

Ukipiga simu, usiniambie nifikirie upya. Nimeshafikiria kwa ubaya na kwa uzuri, nimemaliza. Niulize tu nafika na basi la saa ngapi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi