Doa la Oili Uani kwa Kaka

Nyumbani kwangu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatatu jioni, mwezi wa saba.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote. Baridi ya huko imepungua? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukikaa sana? Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Kifua changu kimetulia tangu waliponitoa kwenye matanuri na kunirudisha kuendesha gari la kusambaza mikate.

Mama hajambo. Yuko kwangu. Ndiyo, umesoma vizuri: yuko kwangu, si kwa Kaka. Tafuta mahali ukae, maana nina mengi na mengine hayamezeki.

Unalikumbuka gari la baba. Tulipomzika, Mama alimpa Kaka ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyohiyo akapanda ndani ya gari hilo na mzigo wake, akaenda kukaa kwake. Wewe ndiye uliyesema kwenye simu kwamba heshima ya mama ni kukaa kwa mtoto wa kiume. Sikulaumu, dada. Au nakulaumu kidogo, na leo nimeamua kusema.

Siku hizi Kaka anaitwa Bosi, hata na mkewe. Duka la vifaa vya ujenzi limemnyookea, nyumba ameipanua, ua ameusakafia na kuupamba kwa vigae vyeupe. Wifi anavipenda vigae vile kuliko macho yake. Basi gari la baba likaanza kuvuja. Kila alfajiri, doa jeusi la oili, pana kama sinia, katikati ya weupe wote ule. Fundi wao akalala chini, akachungulia, akasema ni sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili kule chini, injini lazima ishushwe. Bosi akaona usumbufu wote huo wa nini, na Mama yupo.

Nilifika na mikate Jumamosi moja asubuhi, nikamkuta amepiga magoti uani, brashi mkononi, ndoo ya maji ya sabuni kando, anasugua. Mafuta ya taa aliyokuwa akilainishia doa yalikuwa yamemchubua vidole mpaka nyama nyekundu inaonekana. Wifi amesimama kwenye ngazi na kikombe chake cha chai.

“Mama, kona ile bado,” anamwambia, sauti laini kama anayemwonyesha mgeni njia.

“Ndiyo, mama,” Mama akamjibu. Mama yetu, dada. Anamjibu mke wa mwanawe kama mtumishi.

Nilipouliza, wifi akacheka. “Mazoezi hayo, wifi yangu. Wazee wakikaa tu wanaganda.”

Na zile picha anazokutumia, Mama ameketi kwenye kochi la sebuleni na mto mgongoni? Humkalisha, humpiga picha, kisha humwinua. Kochi lile halikaliwi. Mama aliniambia haya kwa kunong'ona, akaniapisha nisikuambie, eti una yako ya kutosha. Nimevunja kiapo. Mungu atanisamehe, na asiponisamehe tutaonana hukohuko.

Sikuwa na ubavu wa kupigana na Bosi, basi nikaamua kupigana na oili. Wiki iliyofuata yeye na wifi walialikwa safari, wakaenda kwa gari la rafiki yao, wakamwacha Mama alinde nyumba. Nikabeba sanduku la spana za baba nikaenda.

Nilianza kwa kuisafisha injini yote kwa matambara na mafuta ya taa, maana ilikuwa imevaa tope la oili na vumbi la miaka, na kwenye uchafu kila mahali panaonekana panavuja. Ilipokauka nikaipaka poda ya mtoto pande zote. Mama akashika tochi. Alipoona ninainama kuangalia chini kama yule fundi, akanipiga begani.

“Baba yako alikuwa anasema oili ni kama umbea. Unapoukuta sipo ulipoanzia. Anza juu.”

Tukawasha, tukaiacha ipate moto. Tukasubiri, vichwa vimegusana juu ya boneti. Ndipo tukauona: mstari mwembamba, mweusi, unaichora poda. Unatoka juu kabisa, nyuma ya mfuniko wa valvu, mahali ambapo jicho halifiki, unateremka mgongoni mwa injini hadi kwenye giaboksi, na hapo ndipo unapodondokea. Sili ya krenki ilikuwa nzima. Mama yetu amechubuka vidole kwa ajili ya gasketi ya mpira ambayo mtu angeitia mfukoni.

Nilifungua mfuniko. Gasketi ilikuwa imekauka, ikakatika vipande kama biskuti. Nikaikwangua yote, nikafuta mpaka chuma kikang'aa, nikaweka mpya niliyoikimbilia duka la vipuri, na gundi kidogo kwenye pembe. Bolti nilizikaza kuanzia katikati kwenda nje, taratibu, maana ukizikamua kwa hasira mfuniko unapinda, na siku ile hasira nilikuwa nayo tele. Nikakuta pia ule mpira unaopitisha pumzi ya injini umeziba kwa masizi. Nikauzibua, maana pumzi ikikosa njia huisukuma oili itoke popote penye upenyo.

Asubuhi yake kigae kilikuwa kikavu. Mama aliinama, akapitisha kiganja, akakinusa. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba alipokuwa hai.

Bosi aliporudi nilidhani nitaambiwa ahsante. Ujinga wangu.

“Nani amefungua gari langu?”

“Mimi. Lilikuwa linavuja juu, siyo chini. Nimeshalitengeneza.”

“Nilikuomba?”

“Kaka, Mama anapiga magoti kila asubuhi!”

“Mama anakula kwangu, analala kwangu,” akasema. “Kuna ubaya gani akifuta uwanja?”

Aliyasema haya Mama amesimama mlangoni mwa jikoni, anasikia. Akaangalia miguu yake. Wifi akauliza, bila hata haya, sasa Mama atafutiwe kazi gani.

Wakamtafutia. Hazikupita siku nyingi, Mama akanipigia kwa simu ya jirani. “Mwanangu, sikulaumu, ulitaka kunisaidia. Ua ni mkavu. Ila sasa naosha gari lenyewe. Wifi yako anasema magurudumu yanachafua vigae.”

Nikaliacha gari la mikate palepale kazini, nikaenda. Nikamwambia Mama afunge vitu vyake. Bosi akajiegemeza kwenye kizingiti na mikono mfukoni.

“Mama, ukitoka leo usirudi kunililia.”

Mama alikunja nguo zake moja moja, akafunga mzigo. Alipofika mlangoni akanyoosha mkono kwenye msumari, akachukua ufunguo wa gari.

“Gari hili nilikupa pamoja na mimi,” akamwambia. “Kama mimi nimekushinda, na hili limekushinda.”

Bosi alicheka mpaka aliposikia injini inanguruma. Wifi akampigia mumewe kelele kwamba amwache Mama, atarudi mwenyewe, nani atakayemtaka kikongwe. Niliendesha, Mama kando yangu, hakugeuka nyuma hata mara moja. Na mimi mpumbavu nikaimba njia nzima, nikidhani tumeshinda.

Dada, Mama hali chakula vizuri. Nimempa kitanda changu, vidole vimeanza kupona, lakini anashinda dirishani. Gari likipita anainuka. “Si yeye huyo?” Si yeye. Anakaa tena. Nikimsema Bosi vibaya ananikataza, ananiambia mwanamume ana mambo mengi kichwani.

Jana alikuja. Mama alimwona tangu anashuka kwenye teksi. Alikimbia kubadili nguo, akavaa ile ya buluu uliyomletea, akaniambia niweke maji ya chai, nitoe vikombe vizuri. Kwa haraka aliyokuwa nayo alikosea vifungo, nikamfunga mimi.

Bosi hakuingia. Alisimama kando ya gari la baba, hata shikamoo hakutoa.

“Mama, naomba ufunguo. Nina safari.”

“Ingia kwanza, mwanangu. Chai iko tayari.”

“Nina haraka.”

Nikamwambia Mama asimpe. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa. Kisha akampa ufunguo kwa mikono yote miwili, akamfuata mpaka kwenye dirisha la gari.

“Usisahau kupima oili, mwanangu. Mdogo wako amesema ipimwe injini ikiwa baridi, kabla hujawasha...”

Bosi alipandisha kioo Mama akiwa bado anasema.

Gari lilipokata kona, nilijiandaa kumshika, nilidhani ataanguka. Mama alikuwa ameinama anaangalia ardhi pale lilipokuwa limesimama usiku kucha. Akaniita kwa furaha, dada. Kwa furaha kabisa.

“Njoo uone. Halikudondosha hata tone. Mwanangu atasafiri salama.”

Kisha akaingia ndani, akanywa chai ya Bosi ili isipotee.

Sina la kuongeza. Usitume tena chochote kupitia kwa Kaka, na picha zikija usiziamini. Piga simu yangu jioni, uongee na Mama mwenyewe. Akikwambia Bosi anakuja kesho, usimbishie.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto wote, hasa yule mkorofi anayefanana na baba. Mwambie mama mkwe wako kwamba Mama anamkumbuka. Mungu awafunike huko mliko, awape watoto watakaowaingiza ndani mkizeeka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikulaumu,

Kitinda Mimba.