Mikeka ya Bibi Veneranda

Jumatatu, 9 Juni
Baridi hii! Vidole havishiki kalamu. Asubuhi nimemwamkia Bibi Veneranda, mwenye nyumba wangu, kama Wafipa wanavyoamkia wakubwa: nimechuchumaa, nikapiga makofi taratibu. Nimekosea tena, kanicheka. Mimi mtu wa Mbeya, makofi nimezoea ya harusini.

Mbao za kumwagia zege la tao la daraja ziko tayari, mbele kabisa ya kanisa la zamani la matofali mekundu. Bibi kasema, "Mtatuwekea zege la kijivu hapo, mlitie aibu kanisa letu." Nimeumia. Ni daraja langu la kwanza kusimamia.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata! Nilikuwa nimekalia mkeka wa Bibi, nakula ugali. Mkeka mwekundu, msuko wake umepangana kama matofali ya kanisa. Tutandike mikeka ndani ya mbao, zege lishike alama. Desderi, seremala wetu, kanitazama kama nina homa, halafu kakubali. Bibi kanuna, lakini katoa mikeka yake yote. "Irudi salama."

Jumamosi, 14 Juni
Tumemwaga zege. Wanakwaya wamechota maji huku wakiimba. Raha!

Jioni Desderi kauliza, mikeka tuliipaka mafuta isigande? Hatukupaka. Mbao tulipaka. Mikeka ya bibi wa watu nani angeichafua? Kila mtu aliona haya. Mimi wa kwanza.

Jumatano, 18 Juni
Mikeka ikigandia humo, itabidi tupige lipu uso wote. Kijivu kitupu, na Bibi atakuwa amesema kweli. Anauliza mikeka yake inarudi lini. Najifanya sisikii.

Ijumaa, 4 Julai
Tumefungua mbao. Mikeka imegoma! Tumeilowesha, tukavuta pole pole, ikatoka vipande vipande. Alama ya msuko wote imebaki kwenye zege. Na wekundu! Rangi ya mikeka imeingia. Desderi kasema tungepaka mafuta isingeshika. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Sijali wanaonicheka.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya misa Bibi kashuka mtoni. Kaangalia kanisa, kaangalia daraja. Mimi nangoja kuulizwa mikeka.

Kachuchumaa mbele ya daraja. Kapiga makofi, taratibu, ya kumwamkia mkubwa. Nikachuchumaa kando yake, nikapiga na mimi. Safari hii hakucheka.

Jioni mimi na Bibi tumekula maharage, tumekalia magunia ya mahindi badala ya mikeka.